Jinsi ya kumweleza mtu kwa nini damu ya mbuzi haiondoi dhambi

Mwalimu mwenzangu, ukipewa sura ya 10 ya Waebrania, ambayo mstari wake wa 4 unasema haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi iondoe dhambi, uifundishe kwenye kikundi cha nyumbani, usianzie hapo. Anzia Mambo ya Walawi. Najua kitabu hicho kinaogopwa. Wengi wanaoahidi mwezi wa Januari kusoma Biblia nzima huishia humo. Lakini mtu hawezi kuelewa kwa nini damu ya mnyama haitoshi ikiwa hajaiona ikifanya kazi. Atakuitikia "amina" kwa heshima, na mtoto wake akiugua usiku moyo wake utarudi palepale kwenye kondoo wa kuchinjwa ili laana imwache.

Mimi hufundisha jioni za Alhamisi hapa Manyatta, Kisumu, kwenye sebule wanamokaa Wajaluo, Wamaragoli, Wanyore na Wakisii, wengine kwenye makochi, wengine kwenye viti vya plastiki hadi mlangoni. Zamani nilifundisha somo la dini katika shule za msingi upande wa Luanda na Maseno. Kati ya yote ninayofundisha, hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa maana mtu akilielewa unaona hofu inamtoka usoni. Lipe jioni mbili. Ukilibana katika jioni moja, utaharakisha Walawi, na ukiharakisha Walawi umepoteza somo lote.

Jioni ya kwanza: mbuzi apewe heshima yake

Soma Walawi 4 kwa sauti, sura nzima. Gawa mistari, kila mtu asome katika Biblia aliyo nayo, ya Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya. Waombe wasikilize jambo moja tu: nani analeta nini. Kuhani aliyetiwa mafuta akikosa, analeta ng'ombe dume mchanga. Taifa zima likikosa, ni ng'ombe dume vilevile. Mtawala akikosa, ni beberu. Mwananchi wa kawaida analeta mbuzi jike au kondoo jike. Kisha uliza kwa nini kosa la kuhani liwe na gharama kubwa kuliko la mtawala. Hapo watazungumza sana juu ya wachungaji na wanasiasa. Waache kidogo, wana haki ya kuzungumza, halafu warudishe.

Swali la pili ndilo zito: nani anachinja? Wengi hudhani ni kuhani. Warudishe kwenye mstari wa 29. Mtu wa kawaida aliyekosa ndiye anayemwekea mnyama mkono kichwani na kumchinja. Kuhani anaipokea damu, anaipaka kwa kidole kwenye pembe za madhabahu na kuimwaga inayobaki chini ya madhabahu. Katika vikundi vyetu daima wapo wanaume waliowahi kuchinja mbuzi matangani au Krismasi. Waombe waeleze. Watakwambia jinsi mnyama anavyotulia ghafla ukimshika, jinsi damu ilivyo moto kuliko ulivyotazamia, jinsi macho yanavyobaki wazi. Usipapitie hapo upesi. Mwisraeli aliondoka pale mikono ikinuka damu, akijua kwamba kosa lake limegharimu uhai, na kwamba uhai huo haukuwa wake. Soma Walawi 17:11, ambapo Mungu anasema uhai wa mwili umo katika damu, naye ndiye aliyewapa watu damu hiyo juu ya madhabahu. Isisitize hiyo "aliyewapa". Sadaka hizi hazikubuniwa na Waisraeli ili kumhonga Mungu. Yeye ndiye aliyezitoa.

Sasa weka mezani gorogoro ya unga. Mimi huibeba kutoka jikoni, imejaa. Fungua Walawi 5, mistari ya 7 hadi 13. Asiyeweza kununua mwanakondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na asiyeweza hata hao alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, bila mafuta wala ubani. Efa ilikuwa takriban lita 22, kwa hiyo sehemu ya kumi ni kama lita mbili, karibu sana na gorogoro hii tunayopimia mahindi katika soko la Kibuye. Yule mama asiye na kitu anamletea kuhani unga wa gorogoro moja, kuhani anateketeza konzi moja juu ya madhabahu, naye anasamehewa. Hakuna tone la damu lililomwagika kwa jina lake siku hiyo.

Nyamaza baada ya kusoma hapo. Mtu ataligundua mwenyewe: kama unga umetosha, basi nguvu ya kusamehe haikuwa ndani ya mbuzi. Mimi hungoja mwanafunzi alitamke, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Mwandishi wa Waebrania alilijua jambo hili. Ndiyo maana katika 9:22 anasema karibu vitu vyote husafishwa kwa damu kwa mujibu wa torati. Alisema "karibu" kwa sababu alikuwa mwangalifu.

Mipaka iliyomo ndani ya torati yenyewe

Kabla hamjaagana, waonyeshe sehemu mbili zaidi. Ya kwanza ni Hesabu 15:27-31. Aliyekosa bila kukusudia ana mbuzi wake. Aliyekosa kwa makusudi, kwa kumdharau Mungu, hana mnyama aliyetajwa. Anakatiliwa mbali na watu wake. Ukisoma hayo, chumba kitakuwa kizito, kwa sababu kila mmoja anazijua dhambi zake, na nyingi si za bahati mbaya. Mpeleke Daudi katikati ya uzito huo. Alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Torati haikuwa na sadaka ya uzinzi wala ya kuua. Ilikuwa na adhabu ya kifo. Ndiyo maana katika Zaburi 51 anasema kwamba Mungu hapendezwi na dhabihu, la sivyo angeitoa. Mfalme mwenye mifugo kiasi kile amesimama bila kitu mkononi. Anachobaki nacho ni moyo uliovunjika na rehema ya Mungu. Mwanafunzi makini ataona kuwa zaburi hiyohiyo inamalizia na mafahali juu ya madhabahu. Mkubalie. Daudi hazitukani sadaka. Anajua tu kwamba jambo lake haziwezi kulifikia.

Ya pili ni Walawi 16, Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Hapa pia usiharakishe. Kuhani mkuu anaanza na ng'ombe wake kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. Baada ya hapo ndipo wanaletwa mbuzi wawili na kupigiwa kura: mmoja anachinjwa na damu yake inaingizwa ndani ya pazia, mwingine anawekewa mikono yote miwili kichwani, maovu ya taifa yanaungamwa juu yake, naye anapelekwa nyikani kwa Azazeli. Kisha uliza: mwaka uliofuata walifanya nini? Walirudia. Na uliofuata? Walirudia tena. Na aliyeingia ndani ya pazia alikuwa nani? Mtu mmoja tu, mara moja kwa mwaka, na pazia likabaki pale pale lilipokuwa. Waebrania 10:3 inasema sadaka zile zilikuwa ukumbusho wa dhambi kila mwaka. Mgonjwa aliyepona hapangiwi kurudi kliniki kila mwaka kwa ugonjwa uleule maisha yake yote.

Andika kwenye karatasi kubwa swali ambalo kwa hakika litakuwa limeulizwa, uliache limebandikwa ukutani hadi wiki ijayo: Walawi wanasema "atasamehewa", Waebrania wanasema haiwezekani. Nani mkweli?

Jioni ya pili: tatizo la mbuzi ni nini hasa

Waalimu wengi wakifika Waebrania 10:4 husema damu ya mnyama haina thamani ya kutosha, wakaishia hapo. Ni kweli, lakini mwanafunzi anabaki akidhani ni suala la bei tu, kwamba ng'ombe mia wangeweza kufanya alichoshindwa mbuzi mmoja. Mika 6 ilikwisha kulijibu hilo: kondoo dume elfu, mito ya mafuta elfu kumi, hata mzaliwa wa kwanza, havitoshi. Songa mbele hadi Waebrania 10, mistari ya 5 hadi 10, kwa maana hapo ndipo mwandishi anapotoa sababu yake, na kwangu mimi hapo ndipo moyo wa barua nzima.

Anachukua maneno ya Zaburi 40 na kuyaweka kinywani mwa Kristo anapoingia ulimwenguni: dhabihu hukuzitaka, bali umeniandalia mwili, tazama, nimekuja niyafanye mapenzi yako. Neno linalorudi ni mapenzi. Sasa waulize wale wanaume wa wiki iliyopita: mbuzi alikubali? Hakukubali. Alivutwa kwa kamba. Hakujua Israeli ni nini wala dhambi ni nini, na laiti angejua njia angekimbia. Dhambi yetu ni uasi wa moyo unaojua na kuchagua. Kiumbe kisichochagua hakiwezi kuurekebisha uasi wa anayechagua. Anaweza kuonyesha gharama yake, anaweza kufa, lakini hawezi kumtii Mungu mahali pa mwanadamu.

Ongeza jambo la "asiye na ila". Ukamilifu wa mbuzi ulikuwa wa ngozi, macho na miguu. Hakuwahi kushawishiwa kusema uongo akakataa. Yesu, kwa Waebrania 4:15, alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote bila kufanya dhambi. Ukamilifu wake ulipiganiwa. Soma Gethsemane, Luka 22:42, kisha Yohana 10:18, anaposema hakuna anayemnyang'anya uhai wake bali anautoa mwenyewe, kisha Warumi 5:19, kwamba kwa kutii kwake mmoja wengi wamefanywa kuwa wenye haki. Ukisoma mistari hii kwa mfuatano huo, maelezo yako hayahitaji kuwa marefu.

Mambo mengine yaliyomo katika sura za 9 na 10 yapitie haraka: damu ya wanyama ilitakasa mwili kwa nje lakini haikuifikia dhamiri, makuhani husimama kila siku, na katika vyombo vyote vya hema hakuna kiti cha kuhani kukalia, lakini Kristo alipokwisha kujitoa aliketi, yeye hakuhitaji sadaka kwa ajili yake mwenyewe. Pazia la hekalu lilipasuka alipokufa, Mathayo 27:51. Hekalu lenyewe liliteketezwa na Warumi mwaka 70, na tangu hapo Wayahudi huiadhimisha Siku ya Upatanisho kwa kufunga, kwa sala na toba, bila madhabahu. Waseme vizuri Wayahudi. Ni kitabu chao tunachosoma.

Sasa rudi kwenye karatasi ya ukutani. Mimi hulijibu swali lile hivi. Mkulima wa miwa anampeleka bintiye sekondari kabla miwa haijalipwa. Anamwandikia mwalimu mkuu barua: karo itakuja kampuni ikilipa. Mwalimu mkuu anaikubali. Msichana anaingia darasani siku hiyohiyo, anapewa dawati, anafundishwa. Yuko shuleni kweli, hachezi shule. Lakini karatasi ile si pesa, na siku mhasibu akifunga vitabu, mtu lazima awe ameleta pesa. Ukiwapa mfano huu watu wa Mumias na Chemelil, huhitaji kuufafanua. Kisha fungua Warumi 3:25, ambapo Paulo anasema Mungu katika ustahimili wake aliziachilia dhambi zilizotangulia kufanywa, akimweka Kristo awe upatanisho. Yule mama wa gorogoro alisamehewa kweli. Walawi ni wakweli. Na kilicholipa msamaha wake hakikuwa ule unga. Waebrania ni wakweli.

Maswali utakayoulizwa

Mzee mmoja wa upande wa Siaya aliniuliza hivi, na nakuandikia kwa sababu nawe utaulizwa: "Nyara (yaani binti yangu), Musa alichinja mkamwita nabii. Babu yangu alichinja mkamwita mpagani. Tofauti iko wapi?"

Asicheke mtu. Nilimwambia: "Jaduong' (yaani mzee), babu yako alijua jambo ambalo vijana wengi wa mjini wamelisahau, kwamba kosa haliishi kwa kukaa kimya." Kisha nikamweleza kuwa mbuzi wa Musa alikuwa na agizo na ahadi ya Mungu nyuma yake, na hiyo ndiyo tofauti. Lakini katika kuondoa dhambi, wote wawili wako upande mmoja wa mstari. Barua ya Waebrania iliandikiwa watu waliowajua mbuzi walioagizwa na Mungu mwenyewe, na hao ndio walioambiwa kwamba mbuzi hao hawawezi. Kwa hiyo Waebrania 10:4 si fimbo ya kumpigia babu wa Mjaluo wala wa Mbukusu. Ukifundisha upande wa Kimilili na Bungoma, jihadhari zaidi: wapo waliokulia karibu na Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, na wanakumbuka jinsi sadaka za mababu zilivyodharauliwa. Ukiwadharau tena hawatakusikiliza, na watakuwa wamefanya haki.

Swali lake lililofuata lilikuwa la chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na manyasi, dawa ya kuiondoa. Hapa usaidie watu kutenganisha mambo, kwa sababu neno "mbuzi" linabeba mizigo mitatu tofauti. Kuna mbuzi wa kuliwa, matangani au harusini. Huyo ni chakula. Kuna mbuzi anayetolewa na mkosaji kwa aliyekosewa, wazee wakiwa mashahidi, ili ugomvi uishe. Huyo Biblia haimkatazi, maana Walawi 6:1-7 inamwagiza mwizi arudishe alichoiba kikamilifu na kuongeza sehemu ya tano, siku ileile anapoleta sadaka yake. Kondoo wa madhabahuni hakuchukua nafasi ya ng'ombe wa jirani. Zakayo naye alirudisha mara nne. Ukiwa umeuza shamba la mjane, msalaba haukupi ruhusa ya kubaki nalo. Wa tatu ni yule anayechinjwa, au dawa inayonywewa, ili mtu awe safi mbele za Mungu na laana imwache. Huyo ndiye tuliyekuwa tukimzungumzia jioni zote mbili. Mkristo hamhitaji, na akimrudia anasema kwa vitendo kwamba aliyeketi hajamaliza.

Usishangae mtu akitaja wahubiri wa mjini wanaoagiza pesa ili ukoo ufunguliwe. Wenyewe huiita mbegu. Hapa mimi huwa sifichi hasira yangu, kwa sababu nimeona mama akiuza cherehani. Mbuzi wa Walawi angalau aliagizwa na Mungu, na maskini alipunguziwa hadi gorogoro ya unga. Wahubiri hawa hawana agizo, na maskini hawampunguzii. Kama damu iliyoamriwa haikuweza kuondoa dhambi, noti ya elfu moja itaiondoaje? Kumtolea Mungu kwa shukrani ni jema, fundisha hivyo kwa nguvu zote, lakini anayetoa kwa shukrani anajua deni limekwisha kulipwa.

Na mtu akisema basi tutende dhambi kwa kuwa imelipwa, mpeleke Waebrania 10:26 na mwanzo wa Warumi 6, mwambie ajiandae kwa jioni nyingine.

Namna ya kufunga

Funga kwa kusoma Waebrania 10:19-22 polepole, ile sehemu ya kuingia patakatifu kwa ujasiri. Wape watu nafasi ya kuomba kimya, kisha yeyote aombe kwa sauti katika lugha ya mama yake. Usiwalazimishe kuungama mbele ya kikundi. Waliobeba mambo mazito watakutafuta wenyewe kesho yake, kwa hiyo siku inayofuata usipange safari.

Jambo la mwisho, nalo nakusihi ulishike: jioni hiyo ya pili usipitishe kapu la sadaka. Pesa za chai na sukari zikusanywe wiki nyingine. Pana mtu kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mlango ambaye ndiyo kwanza amesikia kwamba hadaiwi, na akiliona kapu linamjia ataanza kutafuta mfukoni.